Darini kwa Watu, Duluth

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni kilomita 250 hivi kuelekea kaskazini, kwa barabara ya I-35. Shemeji yangu, ambaye riziki yake ni kuzikinga nyumba na baridi, ndiye aliyeshika usukani. Tulipoteremka mlima, Ziwa Superior likatokea mbele yetu, kingo zake zimeganda. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nyumba tuliyoifuata ni ya mbao, ya zamani, na mapande ya barafu yalining'inia ukingoni mwa paa.

"Unaona, shemeji? Joto linavuja, theluji ya juu inayeyuka, maji yakifika ukingoni yanaganda tena."

Tukatambaa hadi darini. Akamulika tochi. Kila ncha ya msumari iliyochomoza kwenye plaiwudi ya paa ilikuwa na donge la barafu, na pembeni yake kuvu imepiga weusi. Nikauliza paa limetoboka wapi.

"Halijatoboka. Maji haya yametoka jikoni, bafuni na kwenye pumzi za wenyewe."

Hewa ya ndani yenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 ikikutana na kitu chenye nyuzi 7 au chini yake, mvuke hugeuka maji, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Hewa hiyo hupenya palipopita nyaya za umeme, ikapanda hadi kwenye mbao.

Mwenye nyumba alitaka chumba huko juu, kwa hiyo paa lisiwe na matundu ya hewa. Sufi ya kioo peke yake haifai hapo, maana hupitisha hewa, na mvuke utazifikia mbao zile zile baridi. Kwanza hupulizwa povu zito linalogandamana na plaiwudi na kuzuia hewa, inchi 5 hivi. Kanuni za Marekani kwa baridi ya Duluth hudai kinga ya R-30 (R hupima uwezo wa kuzuia joto lisipite) kwenye tabaka hilo. Sufi hufuata chini yake, upande wa chumba.

"Basi mnaanza kesho?" mwenyeji akauliza.

Shemeji akachomeka sindano mbili za kipima unyevu kwenye plaiwudi, akatikisa kichwa. Kisha akamwonyesha bomba la feni ya bafu: lilikuwa linamwaga mvuke wake humo humo darini.

"Bomba litoke nje kwanza. Mbao zikauke. Nikipuliza povu leo, nitakuwa nimeyafungia maji ndani, na paa litakuozea bila wewe kuona."

Kazi ya povu ikaahirishwa. Tukashuka kufuata bomba jipya.