Mzee Hakukosea Kuvaa

Mzee yule wa Kasekese, Katavi, hakukivaa kizibao changu vibaya. Mimi ndiye niliyesema amekivaa vibaya, mbele ya wafuga nyuki wenzake, naye akakivua kimya akanirudishia. Kosa lilikuwa langu.

Kizibao hicho, nilichokishona kikiwa na antena ya GPS, kilikusudiwa kuandika mahali pa kila mzinga huku mikono ya mrina asali ikiwa huru. Miombo ya Katavi ni mipana. Mwenye mizinga akiugua, huenda wanawe wasijue pa kuanzia.

Antena ikilala juu ya mwili hudhoofika, kwa kuwa mwili umejaa maji na chumvi, humeza mawimbi na kuihamisha antena kutoka kwenye masafa yake. Ndipo nikatumia metasafesi: utando wa vipande vya kitambaa kinachopitisha umeme, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja kidogo kuliko urefu wa wimbi. Chini yake kuna antena ambayo wimbi lake hutikisika katika mstari mmoja. Vipande vikilala mshazari kwa nyuzi 45, huligawa wimbi hilo sehemu mbili zenye nguvu sawa, moja ikichelewa robo ya mzunguko, na wimbi likaanza kuzunguka. Mshazari ndio unaoamua lizunguke kulia au kushoto.

Setilaiti za GPS, zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu, hutuma mawimbi yanayozunguka kulia. Mimi nilishona utando ukiwa umepinduliwa. Chora mstari wa mshazari kwenye karatasi, ipindue, itazame kwenye mwanga: utaona nilichofanya. Antena yangu ikawa ya kushoto. Iliyakataa mawimbi yaliyotoka moja kwa moja angani, ikapokea yale yaliyogonga ardhi na mabati yakageuka. Kabla ya safari niliipima kwa antena ya mstari, ambayo haitofautishi kulia na kushoto, nikaridhika na namba.

“Mwanangu,” mzee aliniambia, “simu yangu inasema nipo hapa. Mbona hiki chako kinanipeleka ng’ambo ya mto?”

Swali lake lilikuwa na jibu zima ndani yake. Antena ya mstari, kama ya simu yake, hupoteza nusu tu ya nguvu ya wimbi linalozunguka. Simu yake ilikuwa inasema kweli. Nilipaswa kunyamaza na kufikiri. Nikamjibu kwamba hajafunga mikanda sawasawa.

Usiku ule nilifumua mishono nikaona kosa langu. Asubuhi kikundi cha wafuga nyuki kilikaa kikaamua vizibao vingine wapewe vijana, wazee hawaviwezi. Nilikuwepo. Nilikwishajua, na sikusimama kusema. Kwenye taarifa yangu nikaandika: uvaaji usio sahihi.

Sentensi hiyo nimeomba ifutwe. Maungamo haya nimeyatuma kwanza kwa katibu wa kikundi, yasomwe kikaoni, mzee akiwepo.