Muheza: Darasa Linalojibu kwa Kadi

Msimu wa machungwa, Muheza inanukia tangu alfajiri. Pembeni mwa stendi viroba vimesimama vimejaa, na akina mama wameshaanza kumenya ya kuuza moja moja. Bodaboda inashika njia ya Amani, milima ya Usambara Mashariki ikiwa mbele yetu, ukungu haujashuka wala kupanda. Shule ya kata ninayoiendea ipo kabla mlima haujaanza.

Nimekuja nikiwa na wasiwasi, na sababu ninayo. Katika shule moja ya mjini, ambayo jina lake naliacha, nilishaoneshwa ubao janja wa kugusa uliofunikwa shuka kama maiti. Mwalimu aliyefunzwa kuutumia alihamishwa, wengine wanaogopa kuuharibu, na ofisi inaona unamaliza umeme wa LUKU bure. Ruzuku ya sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka; ukishatoa chaki, karatasi za mitihani na ukarabati, ubao wenye bei ya gari kuukuu hauna wa kuulisha.

Hapa hakuna ubao wa namna hiyo. Kuna ukuta uliopakwa chokaa, projekta ya kuazima ofisini, na kishikwambi kimoja. Ni miongoni mwa vile vilivyotumika kuhesabia watu katika Sensa ya 2022, kisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Walimu wengi hukitumia kupangia maandalio ya somo. Madam wa Baiolojia amekipa kazi nyingine.

Kidato cha pili wanasimama, wanasalimu, wanakaa. Wawili wawili wamegawiwa karatasi ngumu iliyochapwa umbo jeusi la pembe pembe. Pande zake nne zina herufi A, B, C na D, ndogo kiasi kwamba aliyekaa nyuma yako haoni. Jibu lako ni B? Unainua kadi upande wa B ukiwa juu. Madam anasimama mbele, anapitisha kamera ya kishikwambi darasa zima taratibu, na programu iitwayo Plickers inasoma kadi zote. Kila kadi ina umbo lake, hivyo kumchungulia jirani hakusaidii. Seti kubwa ina kadi 63, na wanafunzi ni wengi kuliko hizo. Ndiyo maana wanashirikiana.

Swali linatokea ukutani, kwa Kiingereza: ni mshipa gani unaopeleka moyoni damu yenye oksijeni kutoka kwenye mapafu? Kadi zinapanda. Zaidi ya nusu ya darasa wamechagua ateri.

Nilitegemea Madam atasahihisha. Hakusahihisha. Alisema tu, "Mgeukieni jirani, mshawishini," akanyamaza. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kufundisha Fizikia kwa njia hii mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walijua kukokotoa bila kuelewa. Sikumuuliza Madam aliitoa wapi. Darasa lilikuwa limeshalipuka.

"Si ateri ndiyo inabeba damu safi?"

"Nani kakwambia? Ateri inatoka moyoni. Hii inaingia!"

"Basi vena ibebe damu safi? We vipi!"

"Hii ya mapafu, ndiyo. Chora uone."

Mabishano yote ni Kiswahili. Watoto hawa wametoka miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakuta kila kitu kwa Kiingereza. Ukimsimamisha mmoja ajibu mbele ya wenzake, ananyamaza, nasi tunaandika kwamba hana mwamko. Kadi haimuulizi lafudhi. Mara ya pili kadi zilipopanda, majibu yalikuwa yamehama, na vena ya mapafu ilikuwa imeshinda kwa mbali.

Katikati ya swali la tatu umeme ulikatika. Hakuna aliyeguna. Madam alisoma swali kwa sauti, kamera ikaendelea na kazi yake. Bando, aliniambia baadaye, ananunua mwenyewe.

Mkoa huu si mgeni wa majaribio. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliweka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170 vya Tanga, vikichajiwa kwa umeme wa jua, mtoto ajifunze bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi ya dola milioni 10. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mimi wananifikirisha wale waliobaki bila kusoma, na nadhani walihitaji mtu kama Madam, wa kuona kadi iliyoinuliwa vibaya na kuamua kunyamaza kwa makusudi.

Wajumbe wa bodi za shule na wafadhili, kabla hamjatia saini ya kununua ubao janja, kaeni na walimu. Waulizeni ni nani atakayeutumia Jumatatu, na nani atabaki anaujua yeye akihamishwa. Na hata msiponunua chochote, mlipieni Madam bando.