Mwezi Ulipokaribia Nge

Baba yangu, mkulima wa mihogo huko Kisarawe, alipangiwa kupasuliwa ngiri katika hospitali moja ya Kibaha siku ya Alhamisi. Jumanne jioni nilifika nyumbani kumchukua, nikamkuta ameketi barazani na mfuko wake haujafungwa.

"Mwanangu, Alhamisi siendi. Kesho magharibi mwezi unaingia Nge."

Alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa falaki. Ndugu msomaji ambaye hajapata kuiona kazi hiyo asidhani ni kubahatisha ovyo. Mwalimu huuliza jina lako na la mama yako, akazigeuza herufi za Kiarabu kuwa hesabu: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4. Jumla huigawa kwa 12, na baki ndilo linaloonyesha nyota yako. Kisha hutazama mwezi umefika katika buruji gani. Katika Nge hukaa siku mbili na ushei, na muda huo, wasemavyo wenye elimu hiyo, si wa safari wala ndoa. Kisu aliongeza baba mwenyewe.

Mimi nami nina hesabu zangu. Miezi yetu ya mwandamo, tangu Mfunguo Mosi hadi Ramadhani, ina siku 354, hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi katika majira. Wachina, ambao nao huchagua siku za harusi na za kuchimba msingi kwa kalenda yao, huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Wazee wa pwani hawakuongeza kitu. Waliweka kando mwaka wa jua, wa siku 365, wakahesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, na kwa hiyo wakajua wakati wa kupanda na wa kusafiri baharini.

"Baba, mihogo unaipanda kwa Nge?"

"Naipanda kwa mvua."

"Na ngiri inakuuma kwa mwezi gani?"

Hakujibu. Mama alicheka ndani, nami nikaona haya kwa kumjibu mzazi hivyo. Maumivu yake nilikuwa nikiyaona kila alipoinuka.

Alfajiri nilimkuta amevaa kanzu, mfuko umefungwa. Safari ya Jumatano asubuhi, alisema, haina neno. Tutalala kwa shangazi Kibaha.

"Na kisu je?"

"Kisu ni cha daktari, na nyota yake siijui."

Alipasuliwa salama. Ijumaa mchana aliruhusiwa kutoka, akakubali kwenda kwa shangazi, mtaa wa pili tu. Lakini safari ya Kisarawe aliikataa katakata hadi Jumamosi, jua limekwisha kupanda.