Usiling'oe Kwanza!

Kwetu Kalinzi, jino likiuma dawa ni moja: ng'oa. Shangazi yangu kang'oa manne, na maisha yanaendelea. Lakini gego la mtu mzima halioti tena, msomaji, na kuziba pengo nako ni hela. Ndiyo maana nilichagua kutibiwa mzizi. Mume wangu aliguna: "Pesa yote hiyo kwa jino moja?" Tulinuniana siku mbili.

Utapigwa eksirei, kisha sindano ya ganzi. Kwangu hiyo ndiyo iliyouma. Daktari hutoboa jino, hutoa kiini kilichooza, halafu husafisha vijitundu vya mizizi kwa sindano nyembamba. Gego la chini huwa navyo vitatu, hata vinne, kwa hiyo taya litachoka! Mara nyingi utaitwa tena, na kwa sisi wa milimani hiyo ni nauli nyingine ya kushuka Kigoma mjini.

Siku chache utasikia maumivu ukitafuna. Ukivimba, rudi haraka. Gego lililotibiwa huvunjika kirahisi, hivyo ulizia mapema bei ya kulivisha kofia. Ila kama mzizi wenyewe umepasuka, hapo shangazi yuko sahihi.