Kashata Iliyoachana na Sukari

Nkoma ya utotoni mwangu ilikuwa Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 tukaamka tuko Itilima, Simiyu, na shamba liko palepale. Kilichobadilika kwa Mayu, mama yangu, zaidi ya mipaka hiyo ni sinia lake la vitamu.

Kwa bibi, utamu ulikuwa matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani, kisha vikatafunwa na karanga. Sukari hakuizoea. Aliyakumbuka majira ya baada ya vita vya Kagera, kiwanda cha sukari cha huko kikiwa kimeharibiwa, na ule mwaka 1983 wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wakificha hata kilo moja. Mpaka anakufa, aliyetia vijiko viwili kwenye chai alimwona mwenye majivuno.

Mayu yeye alikuwa mtu wa kashata. Pesa za pamba zikiingia, sukari hununuliwa, anaiyeyusha sufuriani hadi iwe ya hudhurungi, anamwaga karanga zilizokaangwa, anakandamiza kwa chupa juu ya sinia na kukata haraka kabla haijashika. Zilikaa wiki kadhaa bila kuharibika, na nyingine aliziuza mnadani.

Kisha Baba akaambiwa ana kisukari. Zahanati walimwambia apunguze sukari, na ugali pia, jambo lililomuuma zaidi. Matobolwa nayo yakaondoka, maana kiazi ni wanga. Akakimbilia asali, kama wengi wetu tunaoamini kwamba kitu cha nyuki hakina hesabu. Mwilini ina hesabu ileile.

Mayu alijaribu kashata kwa kupunguza sukari tu. Ikawa chenga. Sukari haikuwa utamu peke yake, ilikuwa gundi, na pia ndiyo iliyozilinda zisiharibike. Ukiitoa, lazima kazi hizo uzigawe upya, na hapo ndipo matabaka yalipozaliwa.

Tabaka la chini ni ufuta na karanga zilizopondwa chenga kubwa kinuni, zikachanganywa na ute wa yai na chumvi kidogo. Linaokwa sufuriani, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, mpaka ute ugande na kushika kila kitu. La kati ni karanga zilizosagwa laini, zikapigwa na samli na iliki. La juu ni nazi iliyokaangwa kavu, ikikolezwa mdalasini. Nazi kwetu hutoka mbali, kwa hiyo tabaka hilo ni jembamba, na kwenye sikukuu tu huwa nene. Siri ni subira: la chini likiwa na joto, samli ya kati huyeyuka na yote kuwa uji. Zamani ungelazimika kungoja usiku wa Juni. Sasa kuna friji.

Gramu 100 za karanga zina wanga takribani gramu 16, nusu yake nyuzinyuzi, na karibu nusu ya uzito wote ni mafuta. Kwa hiyo zinashibisha, na kipande kidogo kinatosha. Dada yangu alileta stevia, kikoleza utamu kisicho sukari, kutoka Mwanza. Mayu akaionja, akasema inaacha uchungu ulimini, akairudisha kabatini. Nadhani ana haki: iliki na karanga zilizokaangwa vizuri zina utamu wao, ila ulimi unahitaji muda kuusikia.

Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipopaa bei nchini, majirani ambao hawakuwa na kisukari walianza kuja kuuliza jinsi ya kutengeneza kashata hizo za matabaka. Mmoja akamshauri Mayu azipeleke mnadani. Alikataa: jua la saa sita lingemwachia bakuli la mafuta, na hazikai siku nyingi bila kuchacha. Mnadani wanaendelea kuuza kashata za sukari, na Mayu mwenyewe, akitoka huko, hununua moja na kuimaliza njiani kabla Baba hajamwona.