Neno la Shaka

Lugha nyingi zina neno la kukubali na neno la kukataa. Baina ya mawili hayo liko la tatu, dogo kwa sauti na zito kwa matokeo, nalo ni neno la shaka. Asemaye "ndiyo" amefunga upande mmoja. Asemaye "siyo" amefunga upande wa pili. Lakini asemaye "sidhani" ameacha mlango wazi kidogo, na katika uwazi ule mtu aweza kuokoka. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi nilivyoufunga mlango huo mbele ya mtu ambaye nilitakiwa kumfungulia, na chombo nilichoufungia kilikuwa kitenzi cha Kiingereza.

Kawangware na Lavington ni majirani upande wa magharibi wa Nairobi. Barabara ya Gitanga hutoka mwituni mwa vibanda vyetu vya mabati ikaingia penye nyua ndefu za miti na malango ya chuma, na safari hiyo kwa miguu si ndefu. Kila alfajiri watu wa upande mmoja huvuka kwenda kulima bustani, kupika na kulinda katika upande wa pili. Nilipokuwa kidato cha pili, mzee mmoja jirani yetu alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba mojawapo ya huko. Kijana aliyetunza bustani ya nyumba ile alishukiwa kuiba saa ya mkono. Bibi mwenye nyumba, ambaye hakujua Kiswahili cha kutosha, alitaka kila mtumishi aandike ayajuayo.

Mzee alinijia jioni na karatasi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Niandikie kwa Kizungu: mimi sidhani kama kijana huyu aliichukua saa."

Nikasema, "Hilo ni jepesi, Mzee."

Kwa kweli lilikuwa jepesi. Kama ningaliandika "I do not think he took the watch," kazi ingalikwisha. Lakini juma lile tulikuwa tumefundishwa neno "doubt", nami nalipenda neno hilo kama mtoto apendavyo kiatu kipya. Nikaandika, "I doubt that he did not took the watch." Mzee akatia alama ya kidole gumba, akaikunja karatasi kwa heshima, akaenda kazini.

Siku ya tatu kijana alifukuzwa. Baada ya juma moja mzee alirudi kwetu. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, barua ile ilisomwa, na waliosoma wanasema mimi nilimshuku yule kijana. Ndivyo nilivyokuambia?"

Nilimchukulia mwalimu wangu nakala ya sentensi ile. Aliitazama, akapiga mstari mwekundu chini ya neno moja, kisha akasita, akapiga mstari wa pili chini ya sentensi nzima. Akanionyesha ya kuwa nilikuwa na makosa mawili, wala hayakulingana.

Kosa la kwanza lilikuwa "did not took". Katika Kiingereza, kitenzi kikanushwacho kwa "did" huachilia alama yake ya wakati uliopita, kwa sababu "did" imekwisha kuichukua. Yapasa kusema "did not take". Mzigo mmoja hauhitaji wapagazi wawili. Sisi wenyewe twafanya vivyo hivyo: "alichukua" ikikanushwa huwa "hakuchukua", ile "li" huondoka, na "ku" ikashika mahali pake. Hakuna Mswahili asemaye "haalichukua". Na kama msaidizi ni "has" badala ya "did", basi umbo hubadilika tena: "he has not taken". Huko "hajachukua" yetu ina jambo la ziada, maana ndani yake mna matumaini au hofu ya kuwa bado atachukua. Kiingereza kikitaka maana hiyo hakina budi kuongeza neno "yet".

Kosa la pili lilikuwa kubwa, ingawa halikuwa na ubaya wowote wa kuonekana. Tazama neno letu "sidhani". Ukanusho umo ndani ya kitenzi cha mwanzo, katika ile "si", na kitenzi kifuatacho hubaki katika hali ya kukubali: sidhani kama *aliichukua*. Kiingereza hapa ni ndugu yetu: "I do not think he *took* it." Ukanusho mmoja, mwanzoni, na basi. Lakini neno "doubt" halihitaji "not", kwa sababu limezaliwa na ukanusho tumboni. "I doubt that he took it" maana yake ni sidhani kama aliichukua. Mimi nililitumia neno hilo, kisha ile "si" ya mzee nikaiona imebaki mkononi mwangu bila makao, nikaipachika kwenye kitenzi cha pili. Makanusho mawili yakauana. Yaliyobaki yalikuwa mashtaka: mzee ana shaka kama kijana *hakuichukua*, yaani, adhani aliichukua.

Usidhani, msomaji, ya kuwa mtego huu ni wa Kiingereza peke yake. Katika Kiswahili "shaka" na "shuku" ni maneno ya asili moja, lakini hayaelekei upande mmoja. Ukisema, "Nina shaka kama aliiba," umemtetea kidogo. Ukisema, "Nashuku aliiba," umemshtaki kidogo. Na huko Scotland liko tumizi la zamani la neno hilo hilo "doubt" ambalo maana yake si kutodhani bali kuhofia kuwa jambo ndivyo lilivyo: Mskoti aliyezoea msemo huo akikuambia kwamba ana "doubt" ya mvua, chukua mwavuli. Shaka ni kisu chenye makali pande mbili, na kila lugha hukishika kwa namna yake.

Liko pia swali la kukanusha, ambalo huwasumbua watu wetu mpaka leo. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili, "Je, hukuichukua saa?" hujibu, "Ndiyo, sikuichukua." Amekubaliana na maneno ya muulizaji, na jibu lake ni sahihi. Lakini Mwingereza hutazama jambo lenyewe, si maneno ya muulizaji, naye hujibu, "No, I did not." Sasa mfikirie mtu aliyesimama kizimbani mjini Nairobi, akaulizwa swali hilo kwa Kiingereza, akajibu "Yes" kwa moyo wa Kiswahili. Mtu huyo amejikana kwa neno moja. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Watu wengi hudhani haki hiyo ni kwa wasiojua neno hata moja. Mimi naona yafaa zaidi kwa wanaojua maneno mengi kuliko maana zake, kama nilivyokuwa mimi.

Baada ya mwalimu kunieleza, niliandika barua ya pili, nikaivuka Gitanga hadi lango lile. Bibi mwenye nyumba aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika ile ya kwanza. Nikakubali. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kijana amekwenda kwao, wala hakuacha habari ya mahali. Akairudisha barua mkononi mwangu, si kwa hasira, bali kama mtu arudishaye ufunguo wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Saa haikuonekana. Mpaka leo sijui ni nani aliyeichukua. Hata mzee hakujua. Alidhani tu, na dhana yake ilikuwa njema. Huenda kijana angalifukuzwa hata kama barua ingalikuwa sahihi. Lakini asingalifukuzwa akiamini kwamba rafiki yake, aliyekesha naye chai ya usiku langoni, ndiye aliyemchongea. Hilo nilimfanyia mimi, na mzee aliendelea kupita mbele ya nyumba yetu kila jioni akinisalimu vile vile, "Hujambo, mwanangu," jambo lililoniumiza kuliko kama angalinitukana.

Nimekuwa nikifikiri sana juu ya mistari ile miwili myekundu. "Did not took" ilikuwa aibu. Darasa zima lingaliicheka, na mkaguzi wa mitihani angaliikata alama. Lakini haikumdhuru mtu, maana kila aisomaye hujua mwandishi alitaka kusema nini. Ile ya pili ingaliandikwa "did not take" kwa usafi wote ingalipita bila kuchekwa, nayo ndiyo iliyomla mtu. Kosa lionekanalo hulindwa na ubaya wake. Kosa lililovaa vizuri huingia mpaka sebuleni.

Basi ujifunze maumbo ya vitenzi, msomaji, wala usiyadharau. Mimi siwatetei wavivu. Lakini ukisha kuyajua, usisimame hapo. Unapoandika kwa niaba ya mtu asiyeweza kusoma ulichoandika, usichague neno zuri. Chagua neno lake. Kisha umgeuzie sentensi yako kwa lugha yake mwenyewe, polepole, umwulize, "Ndivyo ulivyosema?" Mzee aliniuliza mimi swali hilo baada ya juma moja. Ningalimwuliza yeye jioni ile, kabla hajatia kidole.