Samaki wanapogombea mawe sebuleni

Wengi huweka tangi la samaki sebuleni ili kutuliza akili. Nyumbani kwa dada yangu, Tabata, tangi la lita 200 lilianza kumnyima usingizi mtoto wake wa miaka saba. Aliamka usiku kwenda kuangalia kama samaki wa njano bado yu hai.

Samaki wale ni mbuna, jamaa wa sato na perege tunaowala. Asili yao ni miamba ya Ziwa Nyasa. Huko, dume hujichagulia eneo kati ya mawe, hula mwani unaoota juu yake na huwaita majike waje kutaga. Dume mwingine akisogea, hasa anayefanana naye rangi, hufukuzwa.

Ziwani ugomvi huo huwa mfupi, kwani anayeshindwa hukimbia na mshindi hurudi kwenye jiwe lake. Ndani ya tangi lenye urefu wa mita moja na ushee, aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Kila kona ni ya mbabe.

Yule wa njano aliletwa mwisho, akamkuta wa bluu ameshika pango la pembeni. Baada ya siku chache mapezi yake yalichanika, akawa anajibanza nyuma ya bomba la chujio, hali chakula. Samaki anayefukuzwa mchana kutwa hupata msongo, kinga yake hushuka, na vidonda hushambuliwa na bakteria au fangasi.

“Mama mdogo, huyu wa bluu ni mbaya. Tumtupe,” mtoto aliniambia.

Neno “mbaya” alilijua vizuri. Mwezi ule binamu yake alikuwa amehamia chumbani kwake, wakawa wanapigania kitanda na midoli, na kila wakitenganishwa aliyeambiwa ana tabia mbaya ni yeye.

Shemeji hakumtupa samaki yeyote. Alimtoa wa njano na kumweka kwenye beseni lenye maji ya tangi lile lile na pampu ya hewa. Kisha akapanga upya mawe yote, akaongeza mengine, akayapandisha karibu na usawa wa maji ili mashimo yawe mengi na samaki wasionane kutoka upande mmoja hadi mwingine. Jeraha lilipoanza kupona, akayahamisha mawe tena na kumrudisha wa njano jioni, taa ikiwa imezimwa.

Asubuhi wa bluu alikuta mipaka yake imepotea. Ilibidi naye atafute pa kukaa kama mgeni. Kufukuzana hakukuisha, ila kulikuwa kwa sekunde chache, na wa njano akawa na shimo la kuingia. Mapezi yakaota tena.

Njia hii haifaulu kila mara. Mbabe akiendelea kujeruhi wenzake, mtengeni moja kwa moja. Kwa mbuna, dume mmoja na majike kadhaa ni mpangilio wenye amani zaidi kuliko madume wengi.

Mzazi, msimamie mtoto anayesaidia kusafisha tangi. Mwenye kidonda asitumbukize mkono, na wote wanawe kwa sabuni baadaye. Kuna bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, wanaoweza kuingia kwenye mchubuko na kuleta vinundu visivyopona haraka. Ukiviona, mweleze daktari kwamba nyumbani mna samaki.

Kuhusu mtoto, nilimweleza kuwa wa bluu alikuwa akilinda nyumba yake mahali ambapo nafasi haitoshi, na kwamba kuumiza mwenzake bado si sawa. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kitanda chake kinaweza kusogezwa.

Jumamosi ile dada alisogeza vitanda vyote viwili na kumpa kila mtoto droo yake. Bado wanagombana. Tofauti ni kwamba sasa kila mmoja ana upande wake wa kwenda kununa.